UDONGO NAO UNAHITAJI NGUO

Hebu vua viatu saa saba mchana mwezi wa Februari. Vuka shamba lililofyekwa likabaki tupu, kisha ukasimame chini ya mwembe au mkorosho. Shambani utaruka kama bisi. Chini ya mti utatulia. Jua ni lile lile na udongo ni ule ule. Tofauti ni kifuniko, na hilo ndilo somo langu.

Kwanza, joto. Udongo mtupu hupigwa na jua moja kwa moja. Penye mimea, majani huzuia sehemu kubwa ya mionzi. Usiku, udongo mtupu hupoteza joto upesi, lakini uliofunikwa hupoa polepole. Kwa hivyo penye kifuniko mchana hapachomi sana, wala usiku hapapoi sana.

Pili, maji. Udongo ukipata moto, maji yake hugeuka mvuke na upepo ukayachukua. Tena matone ya mvua yakipiga udongo mtupu huziba vitundu vyake, juu kukafanyika ganda gumu. Basi maji badala ya kuzama hukimbilia mtaroni, yakibeba udongo mzuri. Penye majani matone huvunjwa nguvu, na njia za mizizi na wadudu huyapitisha maji chini. Majani yakioza huwa mboji, nayo hushika maji kama sponji.

Lakini tusidanganyane. Mimea hai nayo hunywa: mizizi huvuta maji, majani huyatoa yakiwa mvuke. Ndiyo maana magugu ni adui wa mahindi ijapokuwa yanatia kivuli. Nyasi kavu na mabua yaliyotandazwa, yaani matandazo, huzuia jua na hayanywi kitu.

Kwetu Mariakani jambo hili si la mtihani tu. Tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu 5 mfululizo, mvua ilipungua mno katika sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki mwa Kenya, na Kaunti ya Kilifi ilikuwa miongoni mwa zilizokumbwa. Hata hivyo, kabla ya kupanda wengi wetu hufyeka, tukakusanya mabiwi, tukatia moto. Mimi mwenyewe nimeyachoma nyumbani nikasifiwa ati shamba limekuwa safi. Kumbe nilichoma nguo ya shamba!

Wazee watasema mbuzi watakula mabua na mchwa watakuja. Ni kweli. Basi mabua laini tuwape mbuzi, yale magumu na nyasi zisizo na mbegu tuzitandaze kati ya mistari, mbali kidogo na mashina ya mahindi.

Asiyeamini na ajaribu. Pima vipande 3 vya ardhi vilivyo sawa: kimoja kitupu, cha pili chenye nyasi kavu, cha tatu chenye nyasi zinazoota. Mwagia kila kimoja ndoo moja ya maji. Baada ya siku 3, saa nane mchana, chomeka themometa ardhini, kisha chimba urefu wa kidole ufinyange donge. Likishikana, maji yapo, likimomonyoka, yamekwenda.

Mvua hatuna uwezo wa kuiamrisha inyeshe. Ile inayonyesha, tusiifukuze.