Kidonge Kilifeli Wapi? Somo Kutoka Majaribio ya Sindano ya Kinga ya VVU

Wanachuo wenzangu, huku Kimandolu nilikopanga tunalala wawili chumba kimoja, kabati moja. Ukinunua hata dawa ya minyoo, mwenzio atajua. Sasa fikiria una kopo la dawa kinga ya VVU, ile ya kumeza kila siku, na kopo lenyewe linafanana na la ARV. Ukilitikisa tu, linaongea. Kufika jioni geti zima linasema "yule ameathirika", kumbe wewe ni mzima na unajikinga.

Nimeanzia kabatini kwa sababu somo la leo liko humo.

Mwaka 2017 ulianza utafiti uitwao HPTN 084 katika nchi 7: Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana, Eswatini na Afrika Kusini. Wanawake 3,224 wasio na VVU waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata sindano ya kabotegraviri kila baada ya wiki 8, jingine kidonge cha kila siku. Ila kila mmoja alipewa vyote viwili, sindano na kidonge. Kimoja kina dawa, kingine hakina kitu. Yeye hakujua kipi ni kipi, na aliyemhudumia pia hakujua. Ni kama tunavyosahihisha mitihani kwa namba badala ya majina, ili mtu asipendelewe. Na hakuna aliyeachwa bila kinga.

Novemba 2020 siri hiyo ilifunguliwa mapema, kwa sababu jibu lilishaonekana. Upande wa kidonge waliambukizwa 36, upande wa sindano 4.

Mwaka 2024 yakaja majibu ya utafiti wa PURPOSE 1, uliofanyika Uganda na Afrika Kusini kwa wasichana wa miaka 16 hadi 25, yaani umri wetu. Humo sindano ya lenakapaviri ilichomwa mara 2 tu kwa mwaka. Kati ya wasichana 2,134 waliopangiwa sindano hiyo, hakuambukizwa hata mmoja.

Je, kidonge ni kibovu? Hapana. Kikimezwa kila siku kinakinga vizuri. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba wengi hawakukimeza inavyotakiwa.

Hapo ndipo sisi walimu watarajiwa tutulie kidogo. Mwanafunzi akifeli tunasema mvivu. Hatuulizi kama nyumbani ana taa ya kusomea. Dada aliyeacha vidonge naye tunamwita mzembe. Hatuulizi kopo alikuwa analificha wapi. Sindano haikumfanya awe na bidii zaidi. Ilimwondolea kopo tu.

Tahadhari ni hizi. Sindano hii si chanjo. Haizuii mimba, wala kaswende na magonjwa mengine ya zinaa, kwa hiyo kondomu bado ina kazi. Lazima upime VVU kabla ya kuchomwa. Na tarehe ya kurudi haichezewi: dawa hupungua mwilini polepole kwa miezi, na ukiambukizwa wakati imebaki kidogo, virusi vinaweza kuizoea, hata matibabu yakawa magumu.

Swali la kujipima, usijibu kwa haraka: leo mwenzio wa chumba akiweka kopo lake kwenye kabati lenu, ataweza kuliacha wazi?