Jiko la Nje Katika Nchi ya Baridi

Katika nchi za joto jiko la nje ni jambo jepesi. Mwenye nyumba husimamisha nguzo nne, huezeka makuti, huweka mafiga matatu chini, na kazi imekwisha. Upepo huchukua moshi, na mpishi hushukuru kivuli. Lakini msomaji akaaye Kinangop, Limuru, Molo au Timboroa akilifuata shauri hilo atajuta kabla mwezi wa Julai haujaisha. Mahali hapo pana urefu wa futi 7,000 hadi 9,000 juu ya bahari, na kwa kila futi 1,000 anazopanda mtu, joto la hewa hupungua kwa kadiri ya digrii 2 za sentigredi. Mawingu ya Juni na Julai hufunika jua siku nyingi mfululizo. Tena katika miezi ya kiangazi, baada ya Krismasi, mbingu ikiwa wazi usiku, asubuhi majani ya viazi huonekana yameungua kwa sakitu.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa hasara. Jiko langu la kwanza nililijenga wazi pande mbili, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba moshi ni adui na hewa ni rafiki. Mama yangu alilizunguka mara moja, akaniambia, "Mwanangu, hiki ulichonijengea ni kibanda cha kuuzia mboga." Nilicheka. Ilipofika Julai alikuwa akipika haraka haraka, kisha akichukua jiko dogo la makaa na kuliingiza katika chumba cha kulala ili wajukuu wapate joto. Asubuhi moja tuliamka vichwa vikituuma sana, na mtoto mmoja alikuwa akitapika na kulegea. Kilichotuokoa ni mlango ambao haukufungika vizuri. Hewa yenye sumu itokayo katika makaa haina rangi wala harufu, na aliyelala haamshwi nayo. Kila mwaka wakati wa baridi watu hufa kwa njia hiyo.

Basi, kosa halikuwa la mama yangu. Kosa lilikuwa la mjenzi. Zamani nyumba ya mama katika nchi ya Wakikuyu ilikuwa na moto katikati, na moto ule ulipika chakula, ulikausha kuni na mahindi, na uliwapa joto wazee na watoto waliouzunguka. Mtu akiliondoa jiko nyumbani na kulipeleka nje, huwa ameuondoa moto wa kupikia na moto wa kuota pamoja. Asipoweka mahali pa kuota moto katika jiko jipya, watu wake watautafuta moto mahali pengine, na huko ndiko kwenye hatari. Wala kubaki na moshi ndani si dawa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2020 watu milioni 3.2 walikufa ulimwenguni kwa sababu ya moshi wa meko ya nyumbani, na miongoni mwao walikuwamo watoto wadogo wengi sana.

Katika somo hili neno "jiko" ni nyumba ya kupikia, na neno "meko" ni mahali pa moto wenyewe.

Kabla ya kuchimba msingi, tazama upepo. Kwa muda wa wiki moja, asubuhi na jioni, washa majani mabichi kidogo uwanjani na uangalie moshi unakoelekea. Sehemu nyingi za milima yetu hupata upepo utokao mashariki kwa miezi mingi, na kwa hiyo jiko likiwa upande wa magharibi wa nyumba, moshi hautaingia vyumbani. Lakini bonde au kilima kimoja huweza kugeuza mambo yote, basi amini moshi wako kuliko maneno ya jirani. Tena usijenge bondeni. Hewa ya baridi ni nzito, nayo usiku huteremka kama maji na kutulia pale chini. Ndiyo sababu sakitu huunguza shamba la chini na kuacha la juu.

Umbali wa hatua sita au saba kutoka nyumba ya kulala unatosha. Karibu zaidi ya hapo, moto ukishika jiko utashika na nyumba. Mbali zaidi, uji utapoa njiani na mpishi atalowa kwa mvua. Mwenye uwezo na ajenge njia iliyoezekwa mabati kutoka mlango mmoja hadi mwingine, akiacha nafasi ya futi kadhaa bila mbao karibu na jiko.

Ukubwa wa futi 12 kwa 10 hutosha jamaa ya watu sita au saba, pamoja na mahali pa kukaa. Msingi uwe wa mawe, na sakafu iinuke inchi 6 kuliko ardhi ya nje, na mfereji uchimbwe upande wa juu ili maji ya mlima yapite kando. Sakafu ya udongo katika nchi ya baridi hubaki na unyevu miezi mitatu, na miguu ya mpishi hupata taabu. Tandaza mawe, kisha murramu iliyoshindiliwa, kisha zege ya inchi 3: simiti ndoo moja, mchanga ndoo mbili, kokoto ndoo nne.

Kuta tatu ziwe nzima. Ule ukuta unaopigwa na upepo usiwe na dirisha hata moja. Ukuta wa nne, ulio upande upepo unakokwenda, ujengwe kwa mawe hadi futi 4, na juu yake pawekwe vifuniko vya mbao vyenye bawaba, ambavyo hufunguliwa mchana wa jua na kufungwa jioni ya ukungu. Hilo ndilo jiko la nje la watu wa baridi: huwa wazi unapotaka, na huwa nyumba unapotaka. Wengi hujenga kwa mbao za maganda kwa kuwa ni rahisi kwa bei, nami siwalaumu. Lakini ukuta ulio nyuma ya meko uwe wa mawe au matofali. Mawe hunywa joto moto unapowaka na kulitoa polepole baada ya kuzimwa. Kando ya ukuta huo, karibu na meko lakini si mbele ya mdomo wake, jenga benchi ya mawe na udongo, urefu wa futi 5. Hapo ndipo pa kuketi wazee. Nilipojenga jiko la pili nilianza na benchi hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Paa lina shida ambayo watu wa joto hawaijui. Mvuke wa sufuria ukigusa mabati baridi hugeuka maji, nayo hudondoka meusi kwa masizi ndani ya chakula. Kwa hiyo paa lisilale. Liwe na mwinamo mkubwa, ili matone yateremke kwa ndani hadi ukutani. Juu kabisa, acha ufa wa inchi 6 kwa urefu wote wa paa na uufunike kwa mabati yaliyoinuliwa, ili mvuke utoke na mvua isiingie. Mahali penye mvua ya mawe nunua mabati ya geji 28, wala usidanganyike na wepesi wa bei ya geji 30, ambayo ni membamba zaidi ingawa namba yake ni kubwa.

Sasa tuje kwenye meko, ambayo ndiyo roho ya kazi yote.

Mafiga matatu hupeleka sehemu ndogo tu ya joto la kuni katika sufuria. Lililobaki huenda na upepo. Tangu miaka ya 1980 mafundi wa Kenya wamefinyanga vyungu vya ndani vya meko, kwa mfano lile liitwalo Jiko la Maendeleo, ambalo chungu chake hujengewa udongo na mawe pande zote. Meko ya namna hii yenye matundu mawili, moto ukipita chini ya sufuria ya kwanza, kisha ya pili, kisha ukipanda katika bomba, ndiyo ifaayo nchi ya baridi. Tundu la kwanza hupika, na la pili hushika maji ya moto ya kunawa, ambayo huku si anasa.

Inua meko hadi usawa wa kiuno cha mpishi mwenyewe, si cha fundi. Mtoto anayetambaa hataufikia moto, na mgongo utapumzika. Kati ya chungu cha ndani na mawe ya nje, acha nafasi ya inchi 3 na uijaze majivu makavu, au yale mawe mepesi yaeleayo majini, ambayo hupatikana upande wa Longonot na Naivasha, yakiwa yamepondwa. Vitu hivyo huzuia joto lisikimbilie kwenye mawe kabla sufuria haijachemka. Lakini chini ya tundu la pili na pale moshi unapoelekea bomba usijaze majivu. Huko acha mawe yapate joto, yapashe benchi. Usitumie simiti mahali panapoguswa na ndimi za moto, kwa maana itapasuka na kumomonyoka. Tumia udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwa fupi.

Katika jiko la kwanza bomba langu la moshi lilipita nje ya ukuta, kwa kuwa niliogopa kutoboa paa. Kila asubuhi moshi ulirudi ndani. Bomba lililo nje hupoa, na moshi uliopoa hauna nguvu ya kupanda. Hugandisha lami nyeusi ndani yake, na lami ile siku moja yaweza kushika moto. Bomba na lipande ndani ya jiko, moja kwa moja bila kona, litokee juu ya paa. Liwe na upana wa inchi 4 hadi 6. Liinuke futi 3 juu ya mahali linapotobolea paa, tena lizidi kwa futi 2 kitu chochote kilicho karibu nalo kwa futi 10, kama kilele cha paa. Boriti na mbao zisilikaribie kwa inchi 18. Lisuguliwe masizi kila mwezi. Asubuhi ya baridi kali, choma kwanza karatasi au majani makavu karibu na mlango wa bomba, nalo litaanza kuvuta.

Meko nzuri haiwezi kushindana na kuni mbichi. Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji nusu ya uzito wake, na maji hayo lazima yachemke kwanza, kwa gharama yako, kabla sufuria haijapata kitu. Miwati na mikaratusi ipasuliwe vipande vyembamba na kupangwa chini ya upenu mpana upande wa jua, isiguse ardhi, kwa muda wa miezi sita. Zile za kesho ziwekwe juu ya benchi leo, wala si juu ya meko.

Kuna jambo lingine linalowashangaza waliohama kutoka nchi za chini. Katika urefu wa futi 8,000 hivi maji huchemka yakiwa na joto la digrii 92 tu, wala si 100, na kuongeza kuni hakutayafanya yawe moto zaidi. Yatakauka upesi tu. Kwa sababu hiyo githeri ya Molo huchelewa kuiva kuliko ya Mombasa, ingawa mahindi na maharagwe ni yale yale. Loweka maharagwe usiku mzima, umwage maji yake, kisha uchemshe kwa nguvu kwa nusu saa. Baada ya hapo sufuria yenye kifuniko kizito yaweza kuingizwa katika kikapu kilichojazwa nyasi kavu na blanketi kuukuu, itokote yenyewe, kisha irudishwe motoni kidogo kabla ya kula. Mwenye sufuria ya kufungia mvuke atapata nafuu kubwa zaidi, kwa kuwa mvuke uliofungiwa hupandisha joto la maji.

Usiku, jiko dogo la makaa libaki jikoni. Mtoto akihitaji joto kitandani, maji ya tundu la pili yatiwe katika chupa ya mpira, izungushiwe kitambaa.

Meko ikiisha kujengwa, mwenye nyumba huwa na haraka ya kuiwasha. Ngoja. Katika baridi yetu udongo huhitaji wiki tatu au nne kukauka, nao ukiharakishwa hupasuka. Funika kwa gunia siku za kwanza, kisha uache wazi. Baada ya wiki tatu washa moto wa vijiti, wa robo saa tu, na kesho yake wa nusu saa, ukiongeza hivyo kwa siku saba. Nyufa nyembamba za nje ziziwe kwa udongo laini wenye majivu. Nyufa za chungu cha ndani zikiwa pana kiasi cha kuingiza ukucha, toa chungu uweke kingine sasa, kabla mama wa nyumba hajakizoea.

Katika jiko letu la pili siku ya moto wa kwanza ilikuwa ya ukungu. Mama alikaa kwenye benchi akiwa na shuka mbili mabegani. Baada ya saa moja aliivua moja, akaikunja, akaikalia.