Chakula twayyib si cha matajiri pekee

KILA inapozungumzwa habari ya lishe bora, wengi wetu wakazi wa mijini tuna jibu moja: "Hayo ni ya wenye nazo, sisi tunatafuta kushiba tu." Jibu hili limekuwa kama fatwa isiyokuwa na mufti, na madhara yake yamo majumbani mwetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa hapa Tanzania, katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Upande wa pili wapo watu wazima ambao hata miaka 50 hawajafika, lakini tayari wanahangaika na kisukari na shinikizo la damu. Sababu ni nyingi, lakini sahani tunayokula imo ndani yake.

Katika Suratul Baqara, aya ya 168, Allah (s.w.) anawaita watu wote wale vilivyomo ardhini kwa sharti mbili: viwe halali na viwe vizuri, yaani twayyib. Sharti la kwanza Waislamu tunajitahidi nalo. Tunauliza kuku kachinjwa na nani, tunasoma pakiti ya biskuti kutafuta mafuta ya nguruwe. Hilo ni jema. Lakini sharti la pili hatuliulizii. Kitu kinaweza kuwa halali kwa asili yake, kikamdhuru mlaji kwa wingi wake. Ndiyo maana katika Suratul A'raf, aya ya 31, amri ya kula na kunywa imefuatana na katazo la israfu.

Somo la unga

Imepokewa katika Sahihi Bukhari kuwa Sahl bin Sa'd (r.a.) aliulizwa kama Mtume (s.a.w.) alikula mkate wa unga mweupe uliochekechwa. Akajibu kuwa Mtume hakuuona tangu alipopewa utume hadi alipofariki. Akaeleza kuwa shayiri ilisagwa, ikapulizwa, makapi yaliyopeperuka yakaenda, na yaliyobaki yakakandwa yakaliwa.

Asije mtu akasema mwalimu kaharamisha sembe. Sembe ni halali. Lakini mahindi yanapokobolewa huondoka ganda na kiini, na humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, vitamini na madini. Tena mashineni unalipia kukoboa kisha unalipia kusaga, na unga unaorudi nao ni mchache kuliko mahindi uliyopeleka. Dona husagwa mara moja na hakuna kinachotupwa. Hapa kilicho bora ndicho cha bei nafuu.

Lakini mahindi ya dona yawe makavu na safi. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu katika mahindi. Mahindi au karanga zenye ukungu si twayyib, hata ukipewa bure.

Tununue nini sokoni?

Kwanza, tuchanganye nafaka na jamii ya kunde. Protini ya mahindi na mchele ina upungufu ambao maharage, kunde na choroko huufidia. Kwa hiyo asiye na uwezo wa nyama kila siku asijione kakosa kila kitu.

Pili, dagaa. Kwa kuwa huliwa wazima na mifupa yao, hutupatia protini pamoja na kalsiamu ya mifupa na meno. Mtoto asagiwe, atiliwe kwenye uji au mchuzi.

Tatu, mboga za majani kama mchicha, matembele na majani ya maboga. Zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe kwa muda mfupi, na maji yake yasimwagwe.

Nne, matunda ya msimu, maana ndipo bei yake huwa chini. Chungwa au papai baada ya maharage husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini hayo, basi isogezwe mbele saa moja au zaidi.

Tano, sukari na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai. Sukari ya kuongezwa, kwa mtu mzima, ni bora isizidi gramu 25 hivi, yaani vijiko sita vya chai. Chupa moja ya soda ya mililita 350 kwa kawaida ina zaidi ya gramu 30. Sasa piga hesabu ya futari zetu za Ramadhani: uji wa sukari, juisi ya sukari, kaimati za shira, kisha soda.

Posho ya nyumbani

Lipo jambo jingine tusilopenda kulisema. Baba anaamka, anaacha hela ya unga na fungu moja la mchicha, kisha yeye anapitia mgahawani kula supu na chapati mbili. Jioni anashushia soda kijiweni. Halafu huyo huyo ndiye anayesema chakula bora ni ghali. Fedha ya soda zake mbili za kila siku ingetosha kuongeza dagaa au maharage kwenye sufuria ya watoto. Imepokewa na Abu Daud kuwa Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba inamtosha mtu kuwa na dhambi kuwapuuza wale ambao chakula chao kiko juu yake.

Wapo kweli wasiokuwa na kitu, na hao wana haki katika mali zetu. Tunapowapelekea sadaka, tukumbuke maharage, dagaa na dona, isiwe mchele na sukari tu.

Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, alitufundisha kuwa matonge machache yanamtosha mwanadamu, na akizidisha, basi theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Mafunzo haya hayahitaji kipato kikubwa. Tuanze wiki hii: soda moja ibaki dukani, na fedha yake irudi nyumbani kwenye sufuria.

Wallahu a'lam.