Yoti ya mtumba: jinsi ya kupima thamani kabla ya kutoa arbuni

Wiki hii ukurasa wa soko unaweka kando mazao na fedha za kigeni, na kushughulikia bidhaa ambayo ni wafanyabiashara wachache tu huiulizia, lakini wanaoiulizia huwa wameshika fedha nyingi mkononi. Bidhaa hiyo ni yoti, yaani boti ya matanga ya kutembelea, iliyokwisha kutumika. Wanaoitafuta ni wenye hoteli wanaotaka kupeleka wageni baharini jioni, waongozaji wa safari za kuzamia, na watu binafsi wenye uwezo.

Yoti nyingi zinazouzwa katika pwani yetu hazikuletwa kuuzwa. Zilikuja na wenyewe waliokuwa wakivuka bahari, zikatia nanga Kilifi, Mtwapa, Tanga au Msasani. Mwenyewe akaugua, au akachoka, au akaishiwa, akapanda ndege kurudi kwao. Chombo kikabaki na mlinzi. Halafu kuna miaka ya maharamia wa Kisomali: mwaka 2009 yoti iliyokuwa ikitoka Seychelles kuja Tanzania ilitekwa pamoja na mume na mke waliokuwa ndani, na mabaharia wengi wa aina hiyo wakaikwepa sehemu hii ya bahari kwa muda mrefu. Kwa hiyo soko letu ni dogo, wauzaji ni wachache na wanunuzi ni wachache zaidi. Katika soko la namna hii hakuna bei inayojulikana. Kila mtu hutaja yake.

Muuzaji atakutajia bei kwa njia mojawapo kati ya mbili. Atakuambia alinunua kwa kiasi gani na ametumia kiasi gani tangu hapo, huku akitoa faili la risiti. Au atakuonyesha matangazo ya yoti kama yake huko Ulaya. Zote mbili hazitoshi. Risiti zinaonyesha matengenezo yaliyofanyika, na kwa sababu hiyo zisome kwa makini, lakini fedha iliyokwisha kutumika si thamani. Na bei ya tangazo ni maombi ya muuzaji. Chombo kilichotangazwa kwa dola 50,000 kinaweza kukaa mwaka mzima na mwishoni kikatoka kwa 42,000. Uliza madalali bei zilizolipwa, na uangalie tangazo limekaa muda gani.

MAHALI PA KUANGALIA

Yoti karibu zote za mtumba ni za faiba, ambayo ilienea katika utengenezaji wa boti kuanzia miaka ya 1960. Faiba haiozi kama ubao, na ndiyo sababu chombo cha miaka 40 bado kinaweza kuwa na bodi nzuri. Wanunuzi wengi huogopa malengelenge chini ya maji. Hayo hutokea pale maji yanapopenya taratibu ndani ya faiba; ukilitoboa lengelenge hutoka majimaji yenye harufu kama ya siki. Kuyatibu kikamilifu ni kazi ya miezi, maana bodi lazima ikwanguliwe na kuachwa ikauke. Lakini malengelenge machache ni mara chache sana kukizamisha chombo. Yachukue kama hoja ya kushusha bei, usiyachukue kama sababu ya kukimbia.

Sitaha ndiyo inayotia hasara kimyakimya. Katika yoti nyingi sitaha imetengenezwa kama mkate wenye kitu katikati: faiba juu, faiba chini, na kati yake mbao nyepesi ya balsa, plaiwudi au povu gumu. Kila skrubu inayofunga kifaa juu ya sitaha ni mlango wa maji. Dawa ya kuziba ikikauka na kupasuka, maji huingia, mbao inaoza, na juu rangi inang'aa kama kawaida. Vua viatu utembee juu ya sitaha yote. Panapobonyea pana ubovu. Kisha gonga kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha plastiki: mahali pazima pana mlio mkali, palipooza pana mlio mzito uliokufa. Muuzaji atakasirika kidogo. Mwache akasirike.

Mlingoti wenyewe, ukiwa wa alumini, hudumu sana. Tatizo ni nyaya zinazoushikilia. Ni za chuma kisichoshika kutu, na watu hudhani jina hilo ni kweli. Hushika, hasa pale waya unapoingia katika kishikio chake cha chini ambapo maji ya chumvi hutuama. Kamba moja tu ya waya ikikatika, waya mzima umekwisha. Kampuni nyingi za bima hutaka nyaya zibadilishwe zikifika miaka 10 hadi 15 hata kama zinaonekana nzima, na katika joto letu ni busara kuhesabu miaka michache. Tazama pia vile vipande vya chuma vinavyopita kwenye sitaha na kufungwa ndani ya bodi, ambavyo nyaya hufungwa kwavyo. Sehemu iliyojificha ndani ya sitaha, yenye unyevu na isiyopata hewa, ndiyo inayoliwa. Ukiona mstari wa kutu umetiririka ndani ya kabati chini yake, dai kifunguliwe.

Matanga huuawa na jua kuliko upepo. Nyuzi za mshono hutangulia. Kwaruza mshono kwa ukucha. Uzi ukikatika, kitambaa nacho hakiko mbali. Tanga lililofungwa bila kifuniko kwenye mlingoti kwa misimu miwili ya kaskazi usilihesabu kuwa mali.

Injini ya dizeli ifikie ikiwa baridi. Weka kiganja juu yake kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, mtu amekwisha kuiamsha kabla hujafika, na utakuwa na swali la kumwuliza. Mafuta yenye rangi ya maziwa maana yake maji yameingia. Usidanganywe na saa chache za kazi. Injini ya yoti kwa kawaida haifi kwa kufanya kazi nyingi, hufa kwa kukaa bure huku maji ya chumvi yakiila kwa ndani. Injini yenye saa 4,000 inayowashwa kila wiki inaweza kuwa bora kuliko yenye saa 600 iliyolala miaka mitano.

MKUKU

Hapa tusimame zaidi, kwa sababu hapa panahusu roho za watu. Yoti nyingi za kisasa zina mkuku mfupi wa risasi au chuma uliofungwa chini ya bodi kwa bolti. Mwezi Mei 2014 yoti ya Waingereza iliyoitwa Cheeki Rafiki, ya aina ya Beneteau First 40.7, ilipoteza mkuku wake katika Atlantiki ikitoka Antigua kurudi kwao. Ilipinduka, na mabaharia wake wote wanne walipotea. Haikuwa chombo kizee. Haikuwa imefikisha miaka 10. Ripoti ya wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza, iliyotolewa mwaka 2015, ilieleza kwamba huenda kugonga chini mara kadhaa hapo nyuma, pamoja na matengenezo yaliyofuata, kulidhoofisha kiungo kati ya mkuku na bodi.

Pwani yetu imejaa miamba ya matumbawe. Yoti iliyokaa hapa miaka kadhaa bila kupanda mwamba hata mara moja ni adimu, na kugonga kwenyewe si kosa. Swali ni nini kilifuata. Chombo kikiwa juu, tazama mstari ambapo mkuku unakutana na bodi: ufa uliofunguka upande wa mbele au maji yenye kutu yanayochuruzika ni dalili mbaya. Kisha ingia ndani, inua mbao za sakafu, ukaushe maji ya ngama, na uangalie mataruma ya faiba yaliyozunguka bolti, hasa nyuma ya mkuku, maana ukigonga mwamba kwa mbele nguvu husukuma juu kwa nyuma. Rangi mpya mahali hapo peke yake, wakati ngama yote ni chafu, iulizie.

Ukaguzi huu haufanyiki chombo kikiwa majini. Maji ya bamvua katika pwani yetu hupwa na kujaa kwa kadiri ya mita 4, na yoti yenye mkuku mrefu inaweza kupwelezwa ikiegemezwa kwenye nguzo, ukapata saa chache za kutazama. Kwa mkuku mfupi ni afadhali kulipia kukipandisha chombo. Na mkaguzi awe wako, amelipwa na wewe. Mkaguzi aliyeletwa na dalali ni mtu wa dalali. Mafundi wa majahazi wa Lamu na Nungwi ni hodari katika ubao, lakini kwa faiba mtafute anayeijua kazi hiyo.

HESABU

Sasa tuje kwenye namba. Hizi ni za mfano tu, za kuonyesha njia. Yoti ya futi 38 ya mwaka 1985 inatakiwa dola 48,000. Umeuliza na kuridhika kwamba za aina hiyo zenye hali ya kawaida huuzwa kwa 44,000. Mkaguzi anasema nyaya zimekwisha (mpya dola 6,000), matanga yamekwisha (8,000), kiwiko cha moshi cha injini kimeoza (1,000), na sitaha ina ubovu wa kutengenezwa kwa 5,000.

Wengi hujumlisha dola 20,000 na kutoa zote. Muuzaji hukataa, na ana haki. Yoti ya hali ya kawaida ya 1985 haina matanga mapya wala nyaya mpya. Ina zilizotumika nusu. Bei ya 44,000 tayari imehesabu hivyo. Kwa hiyo kwa vitu vinavyochakaa toa nusu: 3,000 kwa nyaya na 4,000 kwa matanga. Kwa ubovu, ambao chombo cha kawaida hakipaswi kuwa nao, toa chote: 1,000 na 5,000. Jumla ni 13,000, na thamani ni dola 31,000.

Lakini mfukoni unahitaji namba nyingine. Utalipa 31,000 kwa muuzaji na 20,000 kwa mafundi na vifaa, jumla 51,000. Hiyo ni zaidi ya 44,000 kwa sababu sasa una nyaya na matanga mapya. Ukiuza baada ya miaka mitatu soko halitakurudishia tofauti hiyo. Mwenye 35,000 tu mkononi, akiona bei ya 31,000 akadhani anaimudu, atajikuta na chombo kisichoweza kutoka bandarini.

Redio, vyombo vya kuonyesha njia na luninga ambavyo muuzaji huanza navyo, viweke mwisho. Vya miaka 10 iliyopita havina bei. Nanga nzuri na mnyororo wake, hivyo vina bei.

Kuna kanuni inayotajwa sana kwamba yoti hula asilimia 10 ya bei yake kila mwaka. Kwa chombo cha bei nafuu kanuni hiyo inapotosha. Rangi ya chini, kamba na pampu haviulizi ulinunua kwa kiasi gani. Huuliza chombo kina futi ngapi.

KARATASI

Namba ya bodi huchongwa nyuma, upande wa kulia. Kwa yoti za Marekani ilianza mwaka 1972, na kwa za Ulaya ililazimishwa mwaka 1998. Tarakimu mbili za mwisho kwa kawaida ni mwaka wa modeli. Zilinganishe na mwaka unaoambiwa na muuzaji, na namba yote na ile iliyo kwenye hati.

Yoti nyingi zinazofika kwetu zina bendera ya Uingereza. Huko kuna madaftari mawili yanayowachanganya wanunuzi. Sehemu ya I ya daftari la meli huonyesha mmiliki, na rehani ikiandikishwa huonekana humo. Daftari la vyombo vidogo halithibitishi umiliki wala halionyeshi rehani. Muuzaji akikupa cheti cha daftari hilo la pili, dai hati za mauziano zilizotangulia, moja baada ya nyingine, hadi yake.

Kisha forodha. Yoti ya mgeni huwa imeingia kwa kibali cha muda. Ukiinunua wewe mkazi, ushuru na Kodi ya Ongezeko la Thamani hudaiwa. Kiwango cha kawaida cha kodi hiyo ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, nayo huhesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru. Nenda forodhani kabla ya kuafikiana bei, kisha kwa wasajili: TASAC kwa Bara, ZMA kwa Zanzibar, KMA kwa Kenya. Anayekusudia kupakia abiria kwa malipo aulize hapo hapo masharti ya leseni, kwa kuwa chombo kinachofaa kwa familia huenda kisifae kwa wageni wa hoteli.

Arbuni, ambayo Uingereza na Marekani kwa kawaida ni asilimia 10, itolewe kwa maandishi yanayosema itarudishwa ikiwa ukaguzi au safari ya majaribio haitaridhisha. Kabla ya kumaliza malipo, pata barua ya mwenye gati au maegesho kwamba hakuna deni la maegesho wala la mlinzi. Chombo kilichoachwa miaka miwili mara nyingi kina deni hilo, na mwenye gati hatakiachia kwa sababu tu kimebadilisha mwenyewe.