Dhamana ya Mlizamu Utokezao Njiani

Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i ni halali mtu kuutokeza mlizamu wa nyumba yake kwenye njia ya watu, maadamu hauwadhuru wapitao. Lakini ruhusa hiyo haimwondolei dhamana. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaj kuwa kiharibikacho kwa mlizamu hulipwa, nayo ndiyo kauli mpya ya Shafi'i. Na akifa mtu huwajibika diya. Kikianguka kipande cha nje peke yake, dhamana ni kamili. Ukianguka mzima, pamoja na sehemu iliyokuwa ukutani, dhamana ni nusu, kwani sehemu ile ilikuwa katika milki yake mwenyewe. Wala haimfai kusema kuwa aliufunga kwa uangalifu.

Basi mwenye nyumba na apande kabla ya masika (wengi huikumbuka paa maji yaingiapo kitandani). Azoe majani na mchanga, abadili misumari iliyoliwa na kutu na mbao zilizooza, na aulaze mlizamu kidogo upande wa mdomo, maji yasituame. Mlizamu ulioziba hujaa, na uzito wa maji huung'oa.