UTANDO MWEKUNDU KATIKA MATANGI YA SAMAKI WA BAHARINI

Wanaofuga samaki na matumbawe katika matangi ya kioo wanaarifiwa kuwa utando mwekundu unaotanda juu ya mchanga si mwani, ingawa wengi huuita hivyo. Ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga. Hustawi penye mabaki ya chakula, fosfeti nyingi na maji yasiyokwenda. Matumbawe yakifunikwa hukosa mwanga, hatimaye hufa.

Utando ufyonzwe kwa mpira, usikorogwe. Chakula kipunguzwe, sehemu ya maji ibadilishwe na mkondo uongezwe. Ni kazi ya wiki kadhaa. Wenye haraka hutia antibiotiki, na hapo ndipo penye hatari: dawa huweza kudhuru pia bakteria wanaosafisha amonia, na utando unaooza hula oksijeni, samaki wakafa kwa usiku mmoja.