Dawa ya kifafa haingoji tarehe ya kesi

*Mwanangu wa miaka 16 yuko rumande ya watoto, kesi yake bado inatajwa. Ana kifafa, humeza Tegretol asubuhi na usiku. Kila wiki namnunulia dawa, namwachia askari langoni, lakini juzi kijana kaniambia siku nyingine hapewi. Nauza mahamri, na pesa zimekwisha. Nifanyeje?*
*Mama wa Ukunda*

Pole sana, dada yangu. Dawa hiyo haikatwi ghafla. Mgonjwa akiikosa hata siku chache, anaweza kushikwa na kifafa mfululizo bila kuzinduka, na hilo huua. Naye asimeze vidonge viwili kufidia kimoja alichokosa.

Kesho nenda kliniki anakotibiwa, kama ni Msambweni basi Msambweni, umwombe daktari barua: ugonjwa, kipimo cha dawa, saa za kumeza, na hatari ya kukatiza. Toa nakala. Moja mpe meneja wa rumande, nyingine afisa wa watoto, ya tatu weka ya mahakamani. Kesi ikitajwa, mwambie karani una neno. Hakimu anaweza kuamuru kijana apelekwe hospitali ya serikali. Tarehe ikiwa mbali, mwombe afisa wa watoto afikishe ombi lako mahakamani mapema.

Gharama nayo umeibeba peke yako bure. Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ya 2014 inampa aliyefungiwa haki ya matibabu, kwa hivyo muulize meneja, kwa maandishi, dawa ya mwezi huu inatoka wapi. Kwa sasa ukilazimika kununua, muulize daktari kama inafaa carbamazepine ya kampuni nyingine. Mara nyingi ni nafuu kuliko Tegretol.

Askari usimhukumu upesi. Huku kwetu pwani vidonge vya kulevya vina soko, bugizi huuzwa kimoja kimoja vichochoroni, na tembe zilizofungwa kwenye karatasi zinamtia mtu shaka, akaziweka kando. Zipeleke ndani ya pakiti yake, zikiwa na jina la kijana na la duka la dawa. Omba pia iandikwe daftarini kila anapomeza, na aliyempa atie sahihi. Askari akikudai chai, usitoe; piga 116, simu ya watoto, ni bure.

Ukimtembelea, mtazame: vipele mwilini, kupepesuka, usingizi wa mchana kutwa. Ukiona lolote kati ya hayo, dai aonwe na daktari siku hiyo hiyo.